Aliyekuja Kunichukua

Kimumu, Eldoret
16 Februari 2008

Mama Jeruto,

Nakuandikia kwa sababu simu haitufai. Nikikupigia unanijibu kwa maneno mawili, nasikia watoto wa watu wakilia nyuma yako, na mtu anauliza, "Ni yule mume wako wa Eldoret?" Kisha unakata. Karatasi haina masikio.

Nyumba ipo. Hakuna aliyeigusa. Ng'ombe wapo wote isipokuwa yule mwekundu, aliyevunjika mguu mtaroni ikabidi tumchinje. Cherehani yako nimeifunika kwa shuka. Kanisani tumeanza kusali tena, ingawa viti vya watu wenu ni vitupu na hakuna anayethubutu kuvikalia. Tunabanana upande mmoja kama watu waliochelewa.

Baba mdogo Kibet amehamia kwetu tangu Januari. Nyonga inazidi kumsumbua na hana mtoto wa kumchotea maji. Analala chumba cha Jeruto. Anakusalimu. Jana alionja chai yangu akasema, "Amos, haya ni maji ya kuoshea vyombo. Mwite mwenye nyumba arudi." Nikacheka, kwa mara ya kwanza tangu lori lile likuchukue pale kambini, Uwanja wa Maonyesho.

Sasa nisikilize. Namjua ndugu yako Ndungu, na najua atadai wazee waje kukuchukua. Mwambie hivi: kwetu wazee hutumwa pale mume alipomkosea mkewe. Mimi na wewe hatukugombana. Matokeo ya kura yalitangazwa, mji ukachafuka, ukaenda Langas kumtoa mama yako dukani umlete kwetu, mkakutwa na moto, mkakimbilia kwa polisi. Ndivyo ulivyoniambia kupitia uzio wa kambi nilipokuletea maziwa. Kosa la mume hapo liko wapi? Nikiwatuma wazee, Kimumu nzima itasema Amos amekiri kuwa alimfukuza mkewe kwa sababu ya kabila lake.

Rudi kama mtu anayerudi kutoka sokoni. Sukuma mlango, weka kikapu chini, uliza kwa nini sufuria ni chafu. Nitafurahi kugombezwa.

Msalimie mama mkwe. Kifua chake kinaendeleaje?

Mumeo,
Amos Kiprono


Nyahururu
30 Machi 2008

Baba Jeruto,

Mama ametuacha. Alifariki Jumatano na jana tumemzika. Kifua kile alichokipata hemani hakikupona. Siku za mwisho alidhani bado yuko Langas. Aliniuliza, "Wacera, umefunga duka?" Nikamjibu, "Nimefunga, Mama." Baada ya muda mfupi aliuliza tena.

Sikukupigia simu. Ndungu alisema mkwe akija kaburini bila watu wake ataaibisha pande zote mbili, na habari ya watu wako sikutaka kuisikia.

Barua yako aliiona mezani akaisoma bila kuomba ruhusa. "Kama anayerudi kutoka sokoni? Dada yangu ni gunia la viazi? Hakuokotwa njiani. Yule mzee aliyekuja kwa Baba kumwomba, na aje amwombe tena, ndipo atatoka katika boma hili." Unamjua, hapunguzi neno. Na kwa mila yetu hakosei. Mke aliyerudi kwao hajirudishi. Akijirudisha, siku akipata shida kwa mumewe hatakuwa na kwao pa kukimbilia.

Lakini mimi nakuomba jambo jingine, na hili linatoka kwangu. Usimtume mtu. Asije mzee yeyote. Njoo wewe peke yako, hata kama ni kwa siku moja. Ndungu niachie mimi.

Usiniulize sababu. Nimechoka, na nyumba imejaa watu wanaokula.

Mkeo,
Wacera


Kimumu, Eldoret
4 Mei 2008

Mama Jeruto,

Pole sana. Mama yako alinilisha kabla wewe hujakubali hata kunisalimu. Nilistahili kuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza lake. Mmeninyima hilo, na sitalisema tena.

Barua yako nimeisoma kila siku nikitafuta pa kupita, na sipaoni. Ndugu yako anataka wazee. Wewe unasema asije mzee yeyote. Nikija nao nimekukosea wewe. Nikija peke yangu, Ndungu atanifungia lango kama mwizi wa kuku, na atakuwa na haki.

Mwishowe nilimsomea Baba mdogo. Alimalizia chai yake. Kisha akasema, "Mwanamke akisema asifuatwe, mwache." Huyo ndiye aliyekuwa msemaji wangu kwa baba yako. Baba yangu alipokufa nikiwa sijaota hata meno ya pili, yeye ndiye aliyenilea, na ng'ombe waliokuja kwenu walitoka katika zizi lake. Ikiwa yeye ameielewa barua yako hivyo, mimi ni nani? Naye alikutumia salamu, hukumrudishia.

Nami nimeielewa hivyo. Hutaki kurudi, ila huna moyo wa kusema.

Sitakulazimisha. Jeruto nitamlipia masomo mpaka amalize. Ukihitaji chochote, andika.

A. Kiprono


Nyahururu
3 Aprili 2013

Baba Jeruto,

Tangu barua yako ile ya Mei hatujaandikiana. Tumekuwa watu wa simu ya Krismasi. "Mko salama?" "Tuko salama." "Mvua imenyesha?" "Kidogo." Siku ya mahafali ya Jeruto tulikaa safu moja, na mkoba wangu ukakalia kiti cha katikati kama mama mkwe.

Sasa binti yetu ametuzidi akili. Hoteli anayofanyia kazi huko Nakuru humpa kila mfanyakazi siku mbili za bure kwa wazazi wake. Amenipigia: "Mama, uchaguzi umepita na hatukusikia hata kioo kikivunjika. Nimewaandikisha wewe na Baba, Jumamosi ya tarehe ishirini. Vyumba viwili, msije mkaniona mbaya. Na mchana mtaenda kwenye bustani ya michezo, ile yenye gurudumu kubwa linalopandisha watu angani."

Nikamwambia, "Mimi na baba yako ni watu wa kupandishwa angani?"

"Mlinipeleka nikiwa mdogo?"

"Hatukukupeleka."

"Basi nendeni mkanionee."

Nilicheka mpaka mke wa Ndungu akaja kuchungulia.

Baba Jeruto, mimi nimekubali. Nakuru iko katikati. Hapo hakuna aliyemfuata mwenzake, wala aliyefuatwa, na Ndungu hana la kusema. Kuna mambo ambayo sikuweza kukuandikia, na huenda nikaweza kuyasema tukiwa wawili. Nimenenepa kidogo. Usishtuke, na ukishtuka usionyeshe.

Wacera


Kimumu, Eldoret
9 Aprili 2013

Mama Jeruto,

Nitakuja. Mimi sijawahi kwenda likizo maishani. Ng'ombe hawaijui likizo. Jirani yetu Chepkirui amekubali kukamua siku hizo mbili. Aliponiuliza nakwenda wapi nikasema nakwenda kupanda gurudumu na mke wangu. Ameshaitangazia njia nzima mpaka barabara ya lami.

Mimi nimekonda, kwa hiyo tukijumlishwa tuko sawa.

Miaka hii mitano nimefikiri sana, na nimeona kosa langu. Nilishika heshima yangu kwa mikono miwili, nikabaki bila mkono wa kukushika. Kuna jambo nimeliandaa. Halisemwi kwenye karatasi. Utalifurahia, na hata Ndungu atalifurahia, ingawa yeye hatakubali kuonekana akitabasamu.

Njoo na koti. Aprili ni Aprili.

Mumeo,
Amos


Kimumu, Eldoret
22 Aprili 2013

Wacera,

Nimerudi jana. Chepkirui alinikuta langoni akauliza, "Mama yuko wapi?" Nikamwambia umebaki kwa Jeruto kidogo. Sasa njia nzima inangoja.

Nakuomba unieleze nilichokukosea. Nimeipitia siku ile tangu asubuhi na sioni mahali nilipoanguka.

Asubuhi ulikuwa nami. Kwenye gurudumu nilifumba macho, nawe ukasema, "Fumbua, Baba Jeruto, umelipiwa." Nikasema nimeona. "Umeona nini?" Nikasema nimeona kope zangu kwa ndani. Ulicheka hata kiti kikayumba, nikakushika mkono, na nikawa na sababu ya kukushika. Kisha mvua ile ikaja. Wakasimamisha kila kitu: gurudumu, vigari vya kugongana, boti za umbo la bata zinazokanyagiwa majini. Watu wote wakakimbilia magari yao, na yule mama wa tiketi akatuonea huruma akatuambia tukae katika treni ya watoto, kwa kuwa ilikuwa ndani ya banda lake.

Wacera, tulikaa humo mpaka chakula cha mchana kikapita. Magoti yalikuwa yanagusana kwa sababu behewa ni la watoto. Nilizikamua soksi zako, ukaniambia nakamua kama nakamua ng'ombe. Tukala njugu. Ukaanza kusema, "Amos, kuna jambo la Langas," halafu radi ikapiga karibu, ukanyamaza, nami sikukuuliza. Nilikuwa nafikiria la kwangu. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba niliona nisingoje Jumapili kama nilivyopanga.

Ndipo nikakushika mkono tukaenda kwenye ule mkahawa wa langoni, alikokuwa ameketi Baba mdogo. Nilikuwa nimesafiri naye Ijumaa, nikamlaza katika nyumba ya wageni ili usimwone kabla ya wakati. Alikuja na kibuyu cha maziwa na kofia yake nzuri. Alisimama kwa taabu akakwambia, "Mama Jeruto, tumekuja kukuchukua nyumbani." Yeye yule aliyekuombea mara ya kwanza. Kesho yake tungekwenda Nyahururu, aseme mbele ya Ndungu kwa mila yenu, tena bila haraka. Nilifanya kila kitu ambacho ndugu yako alikidai. Mwaka ule ulisema asije mzee yeyote, lakini ulikuwa umetoka kumzika mama yako, na mtu aliyetoka makaburini husema mengi.

Wewe ukasema, "Asante, Mzee. Naomba nipite kwanza chooni."

Nilimwagiza mhudumu alete chai ya watu watatu. Ilipoa. Nilikwenda chooni nikamwomba mama mmoja aingie kukutazama. Akatoka akasema hamna mtu. Nilizunguka bustani nzima nikiita jina la mke wangu miongoni mwa mashine zilizofunikwa maturubai. Nilipomuuliza Baba mdogo kama umepita kwake, alitazama kikombe.

Umenifanyia hivi mbele ya mzee wangu. Niambie kwa nini. Nimefika mwisho wa kukisia.

Amos


Nyahururu
5 Mei 2013

Amos,

Nitakuambia. Ningekuambia ndani ya treni ile kama ningekuwa na moyo zaidi, au kama radi ingechelewa.

Jumatatu ile, baada ya matokeo kutangazwa, nilifika Langas nikamkuta Mama amejifungia dukani. Alikataa kutoka kabla ya kufunga mizigo. Nikiwa namfungia nguo nilisikia watu barabarani, nikachungulia kwenye upenyo wa mbao. Vijana walikuwa wengi, wamejipaka udongo usoni. Mbele yao alisimama mzee mmoja peke yake, mwenye fimbo. Sikuhitaji kumtazama mara mbili. Mtu aliyekuombea kwa baba yako unamjua hata kwa mgongo.

Alinyanyua fimbo akaielekeza kwenye mlango wetu. Nilimsikia, Amos. Alisema, "Hili hapa ndilo la mama mkwe wa Amos." Kisha akaondoka, polepole kwa sababu ya nyonga yake. Hakutazama nyuma. Sisi tulitokea uani, nikamvusha Mama ukuta kama mtoto, na kabla hatujafika kwa jirani tukasikia mabati yakianza kulia kwa moto.

Mama hakuona. Alikufa akimwita mtu mwema. Alisema, "Yule mzee wa Amos angekuwepo, wasingethubutu."

Halafu wewe ukaniandikia kwamba amehamia chumba cha Jeruto na ananisalimu.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Ningekuambia ufanye nini? Alikulea. Ungemuua, au ungemsamehe, na mimi sikutaka kuwa mke wa mwanamume wa kwanza wala wa yule wa pili. Nilikuandikia usimtume mtu kwa sababu nilijua mtu wa kutumwa ni yeye. Hakuna mwingine. Nilidhani ukija peke yako nitapata siku ya kukueleza taratibu, mkono wako ukiwa karibu. Wewe ukampelekea yeye barua yangu aitafsiri.

Na Nakuru sikukimbia mbali. Hilo ulijue. Nilisimama chini ya paa la kibanda cha njugu, ng'ambo ya barabara, miguu imelowa bila soksi. Nilijiambia kwamba ukitoka peke yako nitavuka nikuambie yote, hapo hapo kwenye matope. Nilikusikia ukiniita ndani. Nilikaribia kuitika. Kisha mkatoka. Ulikuwa umemkumbatia Mzee kwa mkono mmoja ili asiteleze, na kwa mkono mwingine umemshikia mwavuli, na wewe mwenyewe unanyeshewa. Ulikuwa unamwambia, "Pole, Baba mdogo. Pole sana."

Gari la Nyahururu lilikuwa limesimama. Nikapanda.

Wacera


Kimumu, Eldoret
26 Mei 2013

Wacera,

Nimeipokea. Nilikaa nayo zizini mpaka ng'ombe wakaanza kulia kwa maziwa.

Jumapili iliyopita baada ya kanisa nilimpa Baba mdogo chakula chake, nikangoja amalize. Nitakuandikia tulivyosema, bila kuongeza wala kupunguza, ili upime mwenyewe. Mimi nimeshindwa kupima.

Nilimuuliza, "Baba mdogo, ulikwenda Langas?"

"Lini?"

"Unajua lini."

Akanawa mikono. "Nilikwenda."

"Kufanya nini?"

"Nilisikia wanachoma mstari mzima wa maduka. Nikaenda kuwaambia kuna moja ni la wakwe zetu, waliache. Mkubwa wao akaniuliza, 'Lipi, Mzee?' Nikamwonyesha."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Asante, Mzee.' Kwa namna alivyosema asante, nilijua nimefanya nini."

"Ukaondoka."

"Ningefanya nini na nyonga hii? Ningelala mlangoni?"

Nikamwambia, "Ndiyo."

Nikamuuliza kwa nini alikula kwangu miaka mitano bila kuniambia. Akasema, "Ningekuambia ungenipa chumba?" Nikamuuliza tena: mwaka ule aliposema wewe uachwe, alikuwa anakuhurumia wewe au anajificha? Akasema, "Nilikuwa najificha. Aliposema asije mzee yeyote, nilijua aliniona." Na Nakuru alikubali kuja kwa nini? Akasema, "Nilidhani ataniumbua mbele yako. Nimechoka kungoja aseme. Akanishukuru, akaenda chooni. Laiti angenitemea mate."

Hayo ndiyo maneno yake. Sijui kama ni ya kweli. Alininyoa nywele za msiba wa baba yangu. Alinifundisha kukamua, mkono wake juu ya wangu. Nilipomtazama akisema hayo nilimwona mzee aliyefanya kosa la kijinga kwa nia njema. Nikitazama dirishani namwona mtu aliyeonyesha mlango wa mama yako kwa fimbo. Ni mtu mmoja, na anaomba uji.

Kuhusu mwavuli, sina la kujitetea. Nilijua umeondoka, nilijua ilinibidi nikimbie nikutafute. Lakini alikuwa ameshika mkono wangu na kulikuwa na ngazi.

Tangu Jumapili nampikia bila kumsemesha. Ana dada yake huko Kapsoya, naye ni mzee kama yeye, ana chumba kimoja. Sema neno na kesho nitampeleka huko, au kokote. Ukitaka niuze hapa nije nikae Nyahururu, nitauza. Nataka mke wangu. Niliandika barua nyingi na hilo sikuliandika hata mara moja.

Amos


Nyahururu
16 Juni 2013

Baba Jeruto,

Usimwondoe. Najua kuondolewa. Hata kama amestahili, sitaki uwe wewe unayemtolea godoro nje, halafu usiku unaniambia umefanya hivyo kwa ajili yangu.

Huenda alisema kweli. Nimemfikiria akinyanyua fimbo kwa nia njema, nikamfikiria akiinyanyua kwa nia mbaya, na mkono ni ule ule. Mama alikufa kwa namna zote mbili. Kama ningekuwa mtu mwema zaidi, jibu lake lingenitosha, na kuna asubuhi linakaribia kunitosha. Kisha nasikia lile la mabati.

Jeruto anajua sasa. Nilimwambia mwenyewe. Alilia, halafu kwa kuwa ni kijana akasema, "Mama, subiri tu, Babu hana miaka mingi." Nilimkemea vikali. Lakini wiki iliyofuata, nikiwa nafua, nilijikuta napiga hesabu ya umri wake na ugonjwa wake, kama mtu anayengoja mahindi yakauke. Niliogopa, Amos. Niliacha nguo majini. Sitaki kuwa mwanamke anayeombea kifo cha mtu ili apate kuingia nyumbani kwake. Na akifa, utanitumia habari, mimi nitafurahi, nawe utasikia kwenye sauti yangu kwamba nimefurahi. Hilo hutalisahau.

Nawe usije kukaa hapa. Mwanamume wa umri wako akikaa kwa shemeji yake huanza kukohoa kabla ya kuingia kila chumba. Ndungu angekupa kiti kizuri na angekukumbusha kila jioni kuwa ni chake. Sitaki kukuona hivyo. Kimumu unatembea vizuri.

Kwa hiyo nakuambia mimi mwenyewe, waziwazi, ili mtu yeyote asikutafsirie: sirudi. Si kwamba sikutaki. Umeliandika neno hilo na nimelisoma, na nimelificha mahali ambapo Ndungu hafiki. Kule kwenye treni ya watoto nilikuwa mke wako mzima, na sikukudanganya kwa chochote, hata kwa kicheko. Ningebaki humo kama mvua ingekuwa na adabu ya kuendelea. Lakini mtu hawezi kuishi katika behewa.

Usimwambie Chepkirui na njia nzima kwamba nimebaki kwa Jeruto. Waambie nimekataa. Watakuhurumia kwa mwezi mmoja kisha watakuachia nafasi ya kupumua.

Kuna jambo moja nimeshamwambia Ndungu, na nataka uwe nalo kwa maandishi. Siku yangu ikifika nitazikwa hapa, kando ya Mama. Najua kwenu na kwetu mke huzikwa katika ardhi ya mumewe, na najua watakavyosema watu. Waache waseme, nitakuwa siwasikii. Wewe utakuja. Usitafute msemaji, usilete ng'ombe, usisimame nyuma kwenye ua pamoja na madereva. Langoni watakuuliza wewe ni nani kwa marehemu, kwa sababu wengi watakuwa vijana wasiokufahamu. Usiseme umetoka Eldoret. Usiseme unaijua familia. Waambie wewe ni mume wake, kisha pita mbele ukakae.

Mkeo,
Wacera